Kabla ya wa Kwanza

Habari hii ilianzia kwenye kofia.

Nilikuwa nimekwenda mitumbani Karume, pale Ilala, kutafuta suruali ya kuvaa kwenye usaili wa kazi. Bei zikanishinda, nikaishia kununua kofia nyeusi iliyopauka. Mbele ina picha ya mwanamume mwenye kitambaa jichoni na kofia ngumu kichwani, nyuma yake panga mbili zimepishana. Jioni nikaivaa kijiweni. Washkaji wakanipokea kwa kelele zao za kila siku. Mmoja akasema hiyo ni kofia ya wanarap, mwingine akasema ni ya wahuni wa Los Angeles. Kisha kaka mmoja mtu mzima, ambaye si msemaji sana, akaniuliza taratibu: "Dogo, unakijua unachovaa, au umevaa kwa sababu kimekukaa?"

Sikuwa na jibu. Swali lile nikalala nalo, nikaamka nalo.

Ndipo nikaanza kupekua. Kofia ni ya Raiders, timu ya kandanda ya Kimarekani iliyoanzishwa Oakland, California, mwaka 1960. Ikahamia Los Angeles mwaka 1982, ikarudi Oakland 1995, na tangu 2020 makao yake ni Las Vegas. Aliyesema habari za rap naye hakukosea: mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la N.W.A lilizivaa sana kofia hizo, zikaenea duniani kama moto wa nyika. Lakini kilichonikamata si rap. Nilikutana na sentensi moja fupi. Ilisema kwamba tarehe 3 Oktoba 1989 Raiders walimteua Art Shell, mchezaji wao wa zamani, awe kocha mkuu, na kwamba alikuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza wa ligi ile katika zama hizi.

"Katika zama hizi." Isome tena polepole. Mtu akikwambia fulani ni wa kwanza wa zama hizi, ujue kuna zama nyingine, na huko alikuwapo mwingine. Sasa kwa nini huyo mwingine hatajwi? Nikaona nimfuate.

Kabla hatujaenda mbali, niueleze mchezo wenyewe kwa ufupi, maana wengi wetu tunaujua kwa kuubeza tu: "mpira gani unachezwa kwa mikono?" Ni wachezaji 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu inaanza upya nafasi nyingine nne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila nafasi inaanza kwa mpango, na anayeusimamia uwanjani anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira, anayepanga, anayeamua arushe au agawe. Mbele yake wanasimama majabali watano ambao kazi yao ni kuzuia watu wasimfikie. Hao watano hawafungi, hawashangiliwi, na jina la mmoja wao utalisikia siku akikosea.

Art Shell alikuwa mmoja wa majabali hao.

Alizaliwa mwaka 1946 Charleston, South Carolina, katika nchi ya kusini ambako shule, mabasi na hata mabomba ya maji ya kunywa yalitengwa kwa rangi. Akasoma chuo cha Maryland State, kilichokuwa cha Wamarekani weusi, na mwaka 1968 Raiders wakamchukua katika zile siku timu zinapochagua vijana kutoka vyuoni. Alicheza mpaka 1982. Mara nane alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, na mara mbili akatwaa ubingwa wa Super Bowl. Kwenye ule wa Januari 1977, Raiders walipowafunga Minnesota Vikings 32 kwa 14, Shell alipangwa kumkabili Jim Marshall, beki hatari aliyejulikana nchi nzima. Mechi ilipokwisha hesabu za Marshall zilikuwa sifuri: hakuangusha mtu hata mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya jabali. Sifa yake inaandikwa kwenye ukurasa wa mwenzake, tena kwa namba sifuri.

Alipoacha kucheza akawa kocha msaidizi wa hao hao majabali. Mwaka 1989 Raiders wakaanza msimu vibaya, ushindi mmoja na kushindwa tatu, mwenye timu Al Davis akamfukuza kocha mkuu na kumkabidhi Shell. Kwa mechi 12 zilizobaki akashinda 7. Mwaka uliofuata akashinda 12 na kupoteza 4. Alipoondolewa baada ya msimu wa 1994 alikuwa na ushindi 54 na kushindwa 38, hesabu ambayo kocha yeyote wa pale mtaani kwetu angeichonga kwenye mlango wa nyumba.

Haya. Huyo ndiye wa zama hizi. Sasa twende zama zile.

Mwaka 1894 mjini Chicago alizaliwa mtoto akaitwa Frederick Douglass Pollard. Jina alipewa kwa heshima ya Frederick Douglass, yule mtumwa aliyejikomboa akawa mwandishi na mnenaji mkubwa wa kupinga utumwa. Mtaani wakamkatia jina, wakamwita Fritz. Alikuwa mfupi, kilo zake 75 hivi, mtu ambaye leo asingeruhusiwa kusogelea geti la timu ile. Lakini alikuwa na mbio, na mbio zake zilikuwa na akili. Akaingia chuo kikuu cha Brown, akawa anajilipia kwa kupiga pasi nguo za wanafunzi wenzake. Tarehe 1 Januari 1916 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo kule California. Siku hiyo Brown walifungwa 14 kwa 0 na Washington State, lakini msimu uliofuata Pollard aliwasambaratisha Yale na Harvard, akatajwa kwenye kikosi bora cha Marekani nzima.

Vita Kuu ya Kwanza ikapita. Mwaka 1919 akaitwa kucheza kwa malipo Akron, jimbo la Ohio. Akron ulikuwa mji wa matairi. Goodyear, Firestone na General Tire zote zilizaliwa pale, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuja kutoa jina la General Tyre ya Arusha, ambalo wazee wetu wa udereva bado wanalitaja. Viwanda vile vilivuta wazungu wengi kutoka kusini, nao walikuja na mizigo yao yote, chuki ikiwamo. Pollard alisimulia uzeeni kwamba mashabiki wa mji wake mwenyewe walimzomea na kumtukana. Asingeweza kubadilisha nguo pamoja na wenzake. Alivalia kwenye duka la sigara la mmoja wa wenye timu, kisha analetwa kwa gari hadi uwanjani dakika za mwisho.

Uwanjani nako noma. Akiangushwa, wapinzani walijirundika juu yake wapate kumvunja. Akabuni dawa: akianguka tu anajigeuza chali na kuinua miguu juu, viatu vyenye njumu vinazunguka hewani kama anaendesha baiskeli. Atakayetaka kumrukia, karibu.

Septemba 1920, wenye timu walikutana Canton, Ohio, katika duka la kuuzia magari, wakaunda ligi ambayo tangu 1922 inaitwa NFL. Akron walikuwamo. Msimu huo wa kwanza walishinda 8, wakatoka sare 3, hawakufungwa hata mechi moja, wakawa mabingwa. Pollard alikuwa nyota wao. Mwaka 1921 akawa kocha mkuu wa timu hiyo akishirikiana na Elgie Tobin, huku akiendelea kucheza. Mwafrika wa Marekani, mjukuu wa zama za utumwa, anawapanga wazungu mahali ambapo hawezi kuvua shati mbele ya mashabiki wao. Miaka 68 kabla ya Art Shell!

Na sikiliza hii, maana nilipoisoma nilisimama. Mwaka ule ule wa 1921 Pollard alimleta Akron kijana mmoja jitu aliyekuwa anasomea sheria chuo kikuu cha Columbia na kucheza mpira apate ada. Jina lake Paul Robeson. Huyu ndiye baadaye aliyekuwa mwimbaji na mwigizaji wa dunia nzima. Miaka ya 1930 akiwa London alijifunza lugha za Afrika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwake. Mwaka 1935 alionekana katika filamu iitwayo Sanders of the River, filamu ambayo mwenyewe aliijutia kwa kusifu ukoloni, na kati ya waigizaji wa nyuma mle ndani alikuwamo Jomo Kenyatta. Kwa hiyo mtu aliyepangwa uwanjani na Fritz Pollard aliishia kukaa chini kama mwanafunzi ajifunze lugha hii ninayokuandikia. Dunia ni duara, tena duara dogo.

Basi ilikuwaje mtu kama huyo akafutika?

Hakufutwa kwa siku moja. Pollard akapita Milwaukee, Hammond, Providence, akarudi Akron, na mwaka 1926 mlango wa ligi ukafungwa nyuma yake. Wachezaji weusi wakapungua mmoja mmoja mpaka mwaka 1933 wakabaki wawili, Joe Lillard na Ray Kemp. Kuanzia 1934 mpaka 1945 hakucheza hata mmoja. Hakuna karatasi iliyotiwa saini, na wenye timu walikana daima kwamba walipatana. Lakini miaka 12 mfululizo, timu zote, nchi yenye mamilioni ya watu weusi, halafu isitokee hata kwa bahati mbaya? Mapatano mengine hayahitaji wino. Kukonyezana kunatosha.

Pollard hakukaa chini kulia. Akaunda timu ya weusi watupu Chicago, kisha akafundisha nyingine Harlem iliyoitwa Brown Bombers, jina la utani la bondia Joe Louis. Akaanzisha gazeti New York. Akawa wakala wa wasanii. Mwaka 1946 wachezaji weusi wakarudi: Kenny Washington na Woody Strode wakasajiliwa na Los Angeles Rams. Hata hivyo Washington, timu ya makao makuu ya nchi, ilikaa mpaka 1962 ndipo ikachezesha mtu mweusi.

Sasa miguu imerudi. Kichwa je? Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Kwa miaka mingi baada ya 1946, kijana mweusi aliyetoka chuoni akiwa kwotabeki alikuwa anahamishwa. Aliambiwa akimbie, adake, azuie. Nafasi za kupanga na kuamua zilihesabiwa za wengine. Na kwa kuwa makocha huchaguliwa zaidi kutoka kwa waliowahi kukaa karibu na maamuzi, mlango mmoja ukifungwa na wa pili umejifunga.

Mfano uko ndani ya nyumba ile ile ya kofia yangu. Mwaka 1968 Raiders walichagua vijana kwa mpangilio huu: wa kwanza Eldridge Dickey, kwotabeki mweusi kutoka Tennessee State. Wa pili Ken Stabler, kwotabeki mzungu kutoka Alabama. Wa tatu Art Shell. Dickey alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuchaguliwa raundi ya kwanza, jambo kubwa, na Al Davis anastahili sifa yake. Lakini Dickey akageuzwa mdakaji, na kwotabeki hakuwahi kucheza katika mechi hata moja ya msimu rasmi. Stabler ndiye aliyeshika usukani ule ubingwa wa 1977, na Shell ndiye aliyemlinda. Timu moja, mwaka mmoja, mkono mmoja uliofungua mlango na kuurudishia nusu. Ndiyo maana siku hizi nikiambiwa fulani ni mtu mzuri au timu fulani ni nzuri, nauliza: mzuri siku gani, na kwa nani?

Fritz Pollard alikufa Mei 1986 akiwa na miaka 92. Art Shell aliteuliwa miaka mitatu baadaye. Mzee hakuona. Jumba la heshima la mchezo ule, lililoko Canton hapo hapo ligi ilipozaliwa, lilimwingiza Shell Agosti 1989 kama mchezaji. Pollard likamwingiza mwaka 2005. Miaka miwili kabla, 2003, watu wanaopigania nafasi za makocha weusi waliunda umoja wao na kuupa jina la Pollard, na ligi ikaweka kanuni kwamba timu inayotafuta kocha mkuu lazima imsaili angalau mtu mmoja asiye mzungu. Februari 2007 makocha weusi wawili, Tony Dungy na Lovie Smith, walikutana fainali, na Dungy, aliyewahi kuwa mchezaji naye, akashinda 29 kwa 17. Lakini mwaka 2022 kocha Brian Flores aliifungulia ligi kesi akidai makocha weusi bado wanabaguliwa katika ajira. Kumbe mtu anaweza kuitwa kwenye usaili, akavaa vizuri, akajibu vizuri, na kiti kikawa kimeshapewa mtu tangu jana. Wewe uliyewahi kuzunguka na bahasha ya kaki mkononi, hilo sina haja ya kukufafanulia.

Sasa nije kwangu, maana sikuandika yote haya ili niwaseme Wamarekani.

Mtaani kwetu tuna timu ya soka. Nimekuwa katibu wake. Mwaka mmoja kamati iliniomba niandike historia fupi ya timu, karatasi mbili tu, ibandikwe ofisini na kupelekwa kwa wafadhili. Niliandika kwa mbwembwe. Nikataja "kocha wetu wa kwanza", mtu mwenye cheti, aliyekuja tulipoanza kupata jezi na nauli.

Lakini nilijua. Sote tulijua. Kabla ya cheti kulikuwa na mzee mmoja, beki wa zamani, fundi baiskeli, aliyetufundisha miaka yote ya vumbi. Alitununulia mipira kwa pesa ya kuziba pancha. Ni yeye aliyetuambia beki mzuri haangalii mpira, anaangalia kiuno cha mtu. Wakati wa kutafuta kocha alijitokeza, na kwenye kikao mjumbe mmoja akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu: kwamba mzee ni mtu wa miguu, timu sasa inataka mtu wa kichwa. Tukacheka. Mimi nami nilicheka. Mzee akapewa kazi ya kutunza mipira, na kwenye historia yangu hata hiyo sikuiandika.

Hakuna aliyeniambia nimfute. Hakuna karatasi, hakuna mapatano. Nilimruka tu, kwa kuwa wa cheti alipendeza zaidi kwa wafadhili. Ndipo nikaelewa Pollard alipotelea wapi. Kuna waliomfungia mlango, ndiyo, lakini kuna na makatibu. Vijana kama mimi na wewe, wenye kalamu, wasio na nia mbaya, waliosema "wa kwanza" bila kuuliza kabla yake alikuwa nani.

Nimeikwangua ile karatasi ukutani na kuandika nyingine. Kabla ya kuibandika nilimpelekea mzee kibandani kwake. Alikuwa ameweka baiskeli chali, magurudumu juu, anazungusha moja kutafuta lilipopinda. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho. Nilitegemea atafurahi, au atanigombeza. Akanirudishia karatasi.

"Umesema mimi ndiye wa kwanza," akasema. "Si kweli. Mimi nilipokea kwa mtu. Chukua kalamu."

Akanitajia jina. Nikakaa kwenye kigoda, nikaandika.